Maswali ya Wasomaji: Kuzisaka Nyumba za Waigizaji wa Sinema Bubu

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu Hollywood ya kabla ya sauti kuingia kwenye filamu. Barua nyingi zilizofuata zimeuliza jambo moja: waigizaji wale walikaa wapi, na mtu wa leo anawezaje kuipata nyumba yenyewe? Dawati letu la historia ya sinema linajibu.

Nina jina la mwigizaji na hamu tu. Sina mpango wa kupanda ndege. Nianzie wapi? — S.M., Arusha

Ndugu S.M., ndege haihitajiki. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani, ukiwa na intaneti na daftari.

Anza kwa kukusanya majina yote ya mtu wako. Karani wa sensa aliandika jina aliloambiwa mlangoni, na mara nyingi halikuwa lile la kwenye mabango. Mary Pickford alizaliwa Gladys Smith, kisha akaolewa na Owen Moore, kwa hiyo unamtafuta kwa Pickford, kwa Smith na kwa Moore. Rudolph Valentino ni Guglielmi, jina ambalo makarani wa Marekani waliliharibu kwa kila namna. Theda Bara alikuwa Theodosia Goodman hadi familia ilipobadili jina kisheria mwaka 1917. Buster Keaton yumo kwenye karatasi kama Joseph Keaton, na baba yake naye ni Joseph, hivyo umri ndio utakaowatenganisha.

Ukishakuwa na majina, fungua vitabu vya anwani vya jiji la Los Angeles. Vilichapishwa karibu kila mwaka, na Maktaba ya Umma ya Los Angeles imeviweka mtandaoni bure. Kila mstari una jina, kazi na anwani. Waigizaji wengi wameandikwa "photo player" (mwigizaji wa filamu) au "actor", na wachache wamefichwa chini ya kazi nyingine. Mbele ya anwani huwa kuna herufi inayoonyesha kama mtu ni mwenye kaya au mpangaji wa chumba. Maana za herufi hizo ziko kurasa za mwanzo za kila kitabu na hubadilika, kwa hiyo zisome kwanza. Kumbuka pia kwamba habari zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka. Kitabu cha 1923 kinaweza kukuonyesha mtu alipokuwa mwishoni mwa 1922, na katika mji ule mtu aliweza kuhama mara mbili ndani ya mwaka.

Sensa hukupa siku mahususi: 15 Aprili 1910, 1 Januari 1920, 1 Aprili 1930, 1 Aprili 1940. Zote ziko wazi, kwa sababu sheria hufunga majina kwa miaka 72 tu. Tovuti ya FamilySearch inatoa picha za karatasi hizo bure ukijisajili. Jina la mtaa halimo kwenye mstari wa mtu. Limeandikwa wima pembeni kushoto, na mara nyingi karani aliliandika mara moja juu ya ukurasa akaacha hivyo hadi chini. Ukurasa wako ukiwa hauna jina la mtaa, rudi nyuma ukurasa mmoja au miwili. Sensa ya 1930 ina raha yake: inasema nyumba ni ya kupanga au ya mwenyewe, thamani yake au kodi ya mwezi, na hata kama kulikuwa na redio.

Daftari za wapigakura wa California zinafaa kwa miaka iliyo katikati. Wanawake wa jimbo hilo walipata kura mwaka 1911, hivyo waigizaji wa kike wamo. Ila wageni hawamo: Charlie Chaplin hakuwahi kuwa raia wa Marekani, na usipoteze usiku mzima kumtafuta humo. Kwa wanaume kuna kadi za kuandikishwa jeshini za 1917 na 1918. Ile ya 12 Septemba 1918 iliwagusa wa miaka 18 hadi 45 ambao hawakuwa wameandikishwa kabla, na kadi ina anwani ya nyumbani, mwajiri, ndugu wa karibu na sahihi. Sahihi ni dhahabu pale majina yanapofanana.

Chanzo ambacho wengi hawakijui ni kitabu cha mwaka cha watu wa tasnia, Motion Picture Studio Directory, cha miaka ya katikati ya 1910 hadi mwanzo wa 1920. Waigizaji walijitangaza humo ili wapate kazi, na mara nyingi maelezo ya mtu huishia na anwani ya nyumbani. Kimo katika Media History Digital Library, unakitafuta kwa injini yao iitwayo Lantern, bure.

Sasa tahadhari. Anwani nyingi utakazopata si nyumba. Majarida ya mashabiki yalitoa anwani ya studio ili barua zipokelewe huko. Wanaume wengi walikaa klabuni au hotelini. Chaplin aliishi muda mrefu katika Los Angeles Athletic Club, 431 West 7th Street, wakati tayari alikuwa miongoni mwa watu wanaolipwa zaidi duniani. Hollywood Hotel, iliyokuwa kona ya Hollywood Boulevard na Highland, ilihifadhi nusu ya tasnia kwa nyakati tofauti. Ilibomolewa mwaka 1956.

Andika kila anwani katika jedwali la safu nne: tarehe, anwani kama ilivyoandikwa, chanzo, na nani aliitoa habari hiyo. Usirekebishe tahajia. Kisha uigeuze anwani kuwa kiwanja, maana nyumba ya miaka mia moja iliyopita haipatikani kwa namba ya mlango. Mtaa hubadilishwa jina, namba hubadilishwa, shamba hukatwakatwa, lakini kiwanja kilichopimwa hubaki kwenye kumbukumbu. Msomaji wa Tanzania atalielewa hili haraka, kwani hati zetu nazo husema Kiwanja namba fulani, Kitalu fulani. Kule huandikwa Lot, Block na Tract. Hiyo ya tatu ni jina au namba ya mpango wa upimaji. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, umeshaishika nyumba.

Kitabu cha 1909 kinasema mwigizaji wangu alikaa Prospect Avenue, Hollywood. Simu inanipeleka mahali pengine kabisa, na namba haipo. — Msomaji, Mombasa

Simu yako haina kosa. Mtaa ndio uliohama. Hollywood ilikuwa mji unaojitegemea mpaka mwaka 1910 ilipojiunga na Los Angeles, hasa kwa ajili ya maji na mifereji. Prospect Avenue ikaitwa Hollywood Boulevard, na namba za milango zikapangwa upya kufuata mfumo wa jiji kubwa. Kipande kilichobaki na jina la Prospect kiko upande wa mashariki, kuelekea Los Feliz, na huko ndiko ramani inakokutupa.

Si mtaa huo peke yake. Allesandro Street ya Edendale, ambako mtengenezaji wa vichekesho Mack Sennett alikuwa na studio yake namba 1712, leo ni Glendale Boulevard. Tenth Street iligeuzwa Olympic Boulevard kwa heshima ya michezo ya 1932. Mji wa Lankershim ukawa North Hollywood mwaka 1927. Mtu aliyeandikwa "Lankershim" katika kadi ya 1918 hakuwa kijijini mbali, alikuwa ng'ambo ya vilima tu.

Mfumo wa namba ukiujua, utakuokoa. Main Street hugawa mashariki na magharibi. First Street hugawa kaskazini na kusini. Kwa hiyo "404 Alvarado" bila herufi ya N au S ni nyumba mbili tofauti. Mwongozaji William Desmond Taylor, aliyeuawa Februari 1922, alikuwa 404-B South Alvarado, na watu bado huenda kupiga picha upande wa kaskazini. Nyumba ndogo zile zilizozunguka ua mmoja, yake ikiwemo, zilibomolewa zamani, kwa hiyo hata upande sahihi hauna la kuona. Katika Hollywood, namba witiri ziko upande wa kaskazini na magharibi, shufwa ziko kusini na mashariki. Picha ya zamani ikionyesha jua la mchana likipiga uso wa nyumba moja kwa moja, uso huo huenda unatazama kusini, na namba inapaswa kuwa witiri. Kama haiwi, shuku picha au shuku anwani.

Njia ya uhakika ya kuvuka mabadiliko haya ni ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn. Zilichorwa kwa kipimo cha futi 50 kwa inchi moja, kila jengo na namba yake ya mlango, na mahali pengi namba ya zamani na mpya zote zipo. Kwenye nakala za rangi, njano ni mbao, waridi ni matofali, buluu ni mawe. Nakala nyingi za mtandaoni zilipigwa kutoka filamu ndogo na hazina rangi, lakini herufi zinasomeka: D ni nyumba ya kuishi, F ni fleti, S ni duka, A ni gereji, na tarakimu huonyesha idadi ya ghorofa. Angalia mwaka kwa makini. Kampuni ilikuwa ikibandika vipande vya marekebisho juu ya karatasi ya zamani, hivyo ramani yenye tarehe ya 1919 inaweza kuwa na majengo ya 1950. Alama za kubandika huonekana kama kingo nyembamba kuzunguka jengo.

Mitaa mingine imefutika kabisa. Kabla ya nyumba yake iliyoitwa Falcon Lair, Valentino alikaa 6776 Wedgewood Place, katika mtaa wa vilimani wa Whitley Heights, Hollywood. Barabara kuu ya Hollywood Freeway ilipita hapo juu. Kilima cha Bunker Hill katikati ya jiji, chenye nyumba nyingi za vyumba vya kupanga ambako waigizaji wadogo walianzia, kilisafishwa na kushushwa kuanzia miaka ya 1960. Katika hali hiyo tumia picha za anga. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina mkusanyiko mkubwa wa picha za ndege za kampuni ya Fairchild, zikiwemo za Los Angeles za mwishoni mwa miaka ya 1920. Weka picha ya zamani juu ya ya sasa, linganisha kona mbili ambazo hazijabadilika, na utaona nyumba ilikuwa chini ya njia ipi.

Nasikia vibali vya ujenzi viko mtandaoni. Nimefungua kimoja na sielewi kitu. Je, kinathibitisha kwamba mwigizaji alikaa hapo? — J.K., Los Angeles

Hapana, hakithibitishi. Kinathibitisha kwamba fulani aliomba kujenga au kurekebisha. Lakini ndicho chombo bora cha kuunganisha anwani na kiwanja.

Idara ya Majengo na Usalama ya Jiji la Los Angeles imepiga picha vibali vya tangu mwaka 1905, na unavipakua bila malipo kwa kuandika anwani. Cha kwanza kutafuta ni ombi la ujenzi mpya. Juu kabisa utaona Lot, Block na Tract. Ziandike hizo kabla ya kitu kingine. Chini yake kuna mwenye mali, msanifu, mkandarasi, gharama iliyokadiriwa, idadi ya vyumba na vipimo. Class D ni jengo la fremu ya mbao, yaani nyumba za kuishi karibu zote. Gharama isome kwa tabasamu: waombaji walikuwa na sababu ya kutaja ndogo.

Kisha soma vibali vyote vilivyofuata kwa mpangilio wa tarehe. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huchukua cha kwanza na kufunga ukurasa. Kibali cha 1938 cha kuongeza chumba juu ya gereji hueleza kwa nini paa halifanani na la kwenye picha ya 1922. Kibali cha kubomoa hukuambia kwamba nyumba unayoitazama leo ni ya pili kwenye kiwanja. Na kuna kibali cha kuhamisha: nyumba za mbao za Los Angeles ziling'olewa kwenye misingi na kusafirishwa mitaa kadhaa, jambo lililokuwa la kawaida. Kibali hicho hutaja kiwanja ilikotoka na inakokwenda, kwa hiyo nyumba yako inaweza kuwa hai, ila kwenye anwani ambayo mwigizaji hakuwahi kuikanyaga. Ghala ambamo watengenezaji filamu Cecil B. DeMille na Jesse Lasky walianzia kazi limehamishwa zaidi ya mara moja. Leo ni makumbusho ya Hollywood Heritage kwenye Highland Avenue.

Ukitafuta kwa anwani ukapata ukurasa mtupu, usikate tamaa. Tafuta kwa Tract na Lot. Vibali vya awali huwa vimehifadhiwa chini ya namba ya mlango iliyokwisha kufutwa.

Halafu hakikisha uko jiji sahihi. Beverly Hills ni jiji lake tangu 1914, Culver City tangu 1917, na Santa Monica, Pasadena na Glendale yana ofisi zao. Anwani ya posta haikusaidii hapa. Falcon Lair ya Valentino, 1436 Bella Drive, barua zake huandikwa Beverly Hills, ila ardhi iko ndani ya Jiji la Los Angeles. Nyumba ya Chaplin, 1085 Summit Drive, iko Beverly Hills kweli. Aliyekwenda ofisi isiyo yake ataambiwa hakuna kumbukumbu, na ataamini.

Tovuti ya Mthamini wa Kaunti ya Los Angeles itakupa namba ya kiwanja yenye tarakimu kumi, ramani yake, na mwaka wa kujengwa. Pale huwa kuna miaka miwili. Mmoja ni wa kujengwa, mwingine ni wa makadirio baada ya matengenezo makubwa, na huo wa pili ndio unaowafanya watu waseme nyumba ya 1916 ilijengwa 1948. Historia ya umiliki iko kwa Msajili wa Hati huko Norwalk, katika faharasa za wauzaji na wanunuzi. Tafuta na majina ya mke, mama na kampuni. Lakini waigizaji wengi wa miaka ya 1910 walipanga, na mpangaji haachi alama kwenye hati.

Mashamba makubwa ya Beverly Hills yanahitaji uvumilivu zaidi. Greenacres ya Harold Lloyd, nyumba ya vyumba 44 iliyokamilika mwaka 1929, ilikuwa 1225 Benedict Canyon Drive. Baada ya Lloyd kufariki mwaka 1971 ardhi ilikatwa viwanja, na nyumba ikajikuta kwenye mtaa mpya uitwao Green Acres. Ya Keaton, iliyojengwa 1926, ilikuwa Hartford Way; leo lango lake liko Pamela Drive. Nyumba hazikusogea hata inchi. (Mwigizaji James Mason, aliyeinunua ile ya Keaton baadaye, alikuta ndani ya kibanda mikebe ya filamu zilizodhaniwa zimepotea. Kwa hiyo ndiyo, kujua nyumba ni ipi kuna faida.)

Nina postikadi mbili za zamani za nyumba ileile. Moja imeandikwa ni ya Theda Bara, nyingine ni ya Roscoe Arbuckle. Ipi ni ya uongo? — Mkusanyaji, Zanzibar

Kama nyumba hiyo ina mapaa ya mteremko mkali na mbao zilizochomoza ukutani kwa mtindo wa kale wa Uingereza, basi huenda ni 649 West Adams, na postikadi zote mbili zinasema kweli. Bara aliipanga, Arbuckle akaishi humo baadaye, na ndipo alipokuwa akikaa alipokamatwa San Francisco Septemba 1921. Baada yake Norma Talmadge na mumewe Joseph Schenck nao walikaa hapo. Nyumba ipo hadi leo, mikononi mwa shirika la mapadri wa Kikatoliki.

Postikadi isome mgongo kwanza. Mgongo uliogawanywa kati, nusu ujumbe nusu anwani, ni wa kuanzia 1907. Ukingo mweupe kuzunguka picha ni takriban 1915 hadi 1930. Karatasi yenye mikwaruzo kama kitambaa ni ya miaka ya 1930 hadi katikati ya 1940. Kama imechapishwa na Curt Teich wa Chicago, tafuta namba yenye herufi: A ni miaka ya 1930, B ni ya 1940, na tarakimu iliyo mbele ya herufi ni mwaka wenyewe. Kwa hiyo 5A ni 1935. Tarehe ya muhuri wa posta inakuambia kadi ilitumwa lini, na picha inaweza kuwa na miaka kumi zaidi.

Jina kwenye postikadi lichukue kama tetesi. Wachapishaji waliendelea kuuza picha ileile huku wakibadili jina la mkazi, au wakiliacha la mtu aliyekwisha kuhama. Picha nyingine zimegeuzwa kushoto kulia kiwandani. Angalia upande wa usukani wa gari lililoegeshwa, au maandishi yoyote. Ili kulinganisha na jengo la leo, acha rangi, madirisha na bustani, kwa sababu hivyo hubadilika kwanza. Tazama dohani na mahali inapotokeza paani, pembe ya paa, idadi ya ngazi za mlangoni, ukuta wa kuzuia udongo, na mteremko wa barabara. Mambo matatu yakikubaliana na hakuna linalopinga, endelea. Moja likipinga na huna kibali cha kulieleza, simama hapo.

Waigizaji weusi wa enzi ile walikaa wapi? Vitabu vyote vinasema Beverly Hills, Beverly Hills. — Dada msomaji, Minneapolis

Dada, hawakuruhusiwa kukaa Beverly Hills, na hilo ndilo linaloamua namna ya kuwatafuta. Hati za viwanja vingi vya Los Angeles zilikuwa na kifungu kinachokataza mtu asiye mzungu kununua au kuishi hapo, isipokuwa kama mtumishi. Mahakama Kuu ya Marekani iliviondolea vifungu hivyo nguvu ya kutekelezwa mwaka 1948, miaka ishirini baada ya sinema bubu kufa. Kwa hiyo anza na Central Avenue na mitaa inayoikata, kisha eneo la West Jefferson.

Katika vitabu vya anwani usitegemee neno la uigizaji. Mtu aliyeonekana kwenye filamu kumi anaweza kuandikwa mpagazi, mpishi au dereva, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake siku ambazo studio haikumwita. Linganisha na sensa: majina ya watoto na mahali walikozaliwa ndiyo yatakayokuthibitishia.

Gazeti la California Eagle, la jamii hiyo ya Los Angeles, limewekwa mtandaoni, na kurasa zake za habari za kijamii hutaja nani alimkaribisha nani na mtaa gani. Lincoln Motion Picture Company, iliyoanzishwa mwaka 1916, ilikuwa kampuni ya watu weusi, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Noble Johnson. Karatasi za ndugu yake, George P. Johnson, ziko chuo kikuu cha UCLA. Barua za biashara ndani ya mkusanyiko kama huo zina kitu ambacho sensa haina: anwani ya juu ya karatasi pamoja na tarehe kamili.

Hoteli inayotajwa sana, Dunbar ya Central Avenue, ilifunguliwa mwaka 1928 kwa jina la Somerville. Anayekuambia mwigizaji alikaa Dunbar mwaka 1922 amekosea.

Mbinu ya familia huwafaa pia waigizaji wa asili ya Kichina. Anna May Wong, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1905, huenda usimpate nyumbani kwake kwa jina la Wong. Baba yake alikuwa na duka la dobi liitwalo Sam Kee, na familia iliishi hapohapo North Figueroa. Tafuta dobi, utaipata familia.

Maswali mafupi

*Kwa nini simpati mtu wangu Los Angeles kabla ya 1914?* Pengine alikuwa New York, Brooklyn au Chicago, ambako ndiko kazi ilikokuwa. Jimbo la New York lilikuwa na sensa zake za 1905, 1915 na 1925. Jiji la New York lilipiga picha karibu kila jengo kati ya 1939 na 1941 kwa ajili ya kodi, na hifadhi ya nyaraka ya jiji imeziweka zote mtandaoni kwa namba ya kitalu na kiwanja. Kwa Chicago, namba nyingi za milango zilibadilishwa mwaka 1909. Anwani ya kabla ya hapo lazima ipitishwe kwenye jedwali la ubadilishaji. Vinginevyo utasimama mbali mno na studio ya Essanay iliyokuwa 1345 West Argyle.

*Na Uingereza?* Sensa za 1911 na 1921 ziko wazi. Kabla ya kwenda London tazama ramani za mabomu za baraza la jiji, zinazoonyesha kwa rangi nyumba zilizoharibiwa katika vita vya pili. Ya Chaplin iliyo rahisi ni 15 Glenshaw Mansions, Brixton Road. Ina kibao cha buluu.

*Je, kuna chochote kwetu?* Kipo kimoja cha kweli. Martin na Osa Johnson, wapiga filamu wa wanyamapori, waliweka makazi yao Ziwa Paradise, mlima Marsabit, kati ya 1924 na 1927. Wenyeji huliita Sokorte Guda, na liko ndani ya hifadhi ya taifa. Karatasi na picha zao ziko makumbusho ya Chanute, Kansas, na hizo ndizo za kulinganisha na ufuo wa ziwa.

Nina siku moja Los Angeles, na gari la kukodi. Nione nini? — Msomaji, Muscat

Anza na 649 West Adams, inaonekana vizuri kutoka njiani. Kisha Whitley Heights kwa miguu. Eneo lote limo kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria tangu 1982. Utakuta mageti barabarani. Wakazi walitaka kuyafunga, na mahakama ya rufaa ikakataa mwaka 1994, kwa hiyo njia ni ya umma, ila maegesho ni machache. Soma kila kibao.

Mchana panda Summit Drive. Pickfair ya Mary Pickford na Douglas Fairbanks, namba 1143, ilibomolewa karibu yote mwaka 1990. Geti ndilo la kutazama. Greenacres haionekani barabarani, na Falcon Lair ilibomolewa sehemu kubwa mwaka 2006, hivyo ziruke zote mbili. Mitaa ya vilimani haina njia ya waenda kwa miguu, na mahali pa kusimamisha gari karibu hapana. Piga picha ukiwa upande wa umma, usibonyeze kengele, usipige picha ya watu wala namba za magari yao, na usirushe droni juu ya ua wa mtu. Ramani za nyumba za nyota zinazouzwa mitaani zina waigizaji wa sinema za sauti na wa televisheni zaidi, na za enzi ya bubu zilizomo mara nyingi ni makosa yaleyale ya postikadi. Makumbusho ya Hollywood Heritage hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba yao kabla ya kupanga saa.